Mama Anayenyonyesha Hajaacha Kusali



Mpendwa kijana mwenzangu, kuna mzigo ambao mabinti wengi waliojifungua kwa mara ya kwanza huubeba moyoni bila kumwambia mtu. Kabla ya kujifungua ulikuwa mtu wa sala. Rozari kila jioni, Jumuiya kila wiki, mazoezi ya kwaya, Kuabudu Ekaristi. Sasa una mtoto wa wiki tatu. Rozari ukiianza, fumbo la kwanza halijaisha mtoto analia. Ukimaliza kumnyonyesha umeshasinzia, rozari iko mkononi. Jumapili ya tatu hii hujaonekana kanisani. Na ndani yako kuna sauti inasema, "Umemwacha Mungu."

Leo tuijibu sauti hiyo, maana haitoki kwa Mungu. Na hata kama bado hujaolewa, au wewe ni kijana wa kiume, soma mpaka mwisho. Yanakuhusu.

1. Mungu alijifananisha na mama anayenyonyesha

Nabii Isaya alipotaka kutuonyesha kwamba Mungu hawezi kutusahau, alitafuta mfano wa mtu asiyesahau kuliko wote duniani. Hakwenda kwa mfalme wala kwa kuhani. Alikwenda kwa mama mwenye mtoto anayenyonya (Isa 49:15). Mama wa namna hiyo hata akitaka kusahau, mwili wake unamkumbusha: saa ikifika maziwa yanajaa, titi linauma, nguo inalowa. Isaya anasema hata mama huyo aweza kusahau, ila Mungu hasahau. Kwa hiyo ukitaka kujua Mungu anakuwaza namna gani, mwangalie mama anayenyonyesha.

Halafu fikiria Bethlehemu. Neno aliyeumba mbingu na nchi alilala mikononi mwa binti wa Nazareti, akalia kwa njaa, akanyonya. Wakristo wa kwanza hawakuona haya kulisema hilo. Kule Roma, katika makaburi ya chini ya ardhi ya Priscilla, ipo picha ya kale sana ya Mama akiwa na Mtoto kifuani pake. Na Bethlehemu kwenyewe mpaka leo kuna Pango la Maziwa, mahali ambapo wanandoa wanaoomba mtoto na akina mama wanaonyonyesha huenda kusali.

Maandiko yana akina mama wengine pia. Hana, mama yake Samweli, mume wake alipopanda kwenda kutoa sadaka ya mwaka, yeye alibaki nyumbani mpaka amwachishe mtoto ziwa (1Sam 1:21-23). Jamani, yule ndiye mwanamke aliyesali hekaluni kwa machozi mpaka Eli akadhani amelewa! Huwezi kumwambia Hana kwamba hapendi sala. Alielewa tu kwamba kwa wakati ule sadaka yake ilikuwa nyumbani, kifuani pake.

2. Unazo saa zako za sala

Watawa wana kengele. Ukikaa karibu na monasteri kama Peramiho au Ndanda utaisikia alfajiri, wewe ukiwa bado umejifunika shuka. Ikilia wanaacha kila kitu wanakwenda kusali, na wanarudia hivyo mara kadhaa mpaka usiku.

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana. Dada yangu, hiyo ndiyo kengele yako. Ikilia unaacha usingizi, unaacha chakula kikipoa, unaketi, unautoa mwili wako ili mwingine aishi. Maneno haya tumeyazoea wapi? Altareni. Yesu alitoa mwili wake uwe chakula. Mama anayenyonyesha anaifuata njia hiyohiyo, ya kujitoa, kimyakimya, saa tisa usiku, bila mtu wa kumpigia makofi.

Mtakatifu Yohane Krisostomo alifundisha kwamba mtu anaweza kusali hata akiwa sokoni, dukani au anapopika, na Katekisimu imeyapokea mafundisho hayo (KKK 2743). Kama jikoni panafaa, kitandani na mtoto panafaa pia.

Basi jaribu hivi:

• Kabla ya kumweka mtoto kifuani, mchoree ishara ya msalaba kwenye paji la uso. Ndiyo sala yako ya kuanza.

• Nyonyesho moja, fumbo moja. Usijilazimishe kumaliza Rozari nzima kwa mkupuo. Mafumbo matano yaliyogawanyika kuanzia asubuhi mpaka usiku bado ni Rozari. Ukikosa mkono wa kushika rozari, hesabu kwa vidole.

• Ukichoka kabisa, taja jina la Yesu tu. Vuta pumzi, "Yesu." Toa pumzi, "nakutumaini." Inatosha.

• Usiku waombee walio macho kama wewe: wagonjwa wodini, wauguzi wa zamu, walinzi, madereva walio barabarani, na mama mwingine ambaye mtoto wake anaumwa. Hapo umeshakesha na Kanisa.

• Ukisinzia katikati ya Salamu Maria, usianze kujilaumu. Mtoto wako anasinzia kifuani mwako kila siku na hujawahi kumchukia kwa hilo. Mungu naye ni Baba.

Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake cha Maungamo, anakumbuka kwamba jina la Yesu alilipokea pamoja na maziwa ya mama yake, Monika. Baadaye alipotea miaka mingi, lakini jina lile halikumtoka. Usidharau unachomnong'oneza mtoto anaponyonya.

3. Na kama maziwa hayatoki?

Hapa twende polepole, maana wapo wanaosoma haya wakiwa na machozi. Chuchu zimepasuka. Mtoto hashiki titi vizuri. Maziwa ni kidogo. Ndugu wanaulizana, "Huyu ni mama gani?" Wengine mtoto akidhoofu tu wanaanza kunong'ona kwamba amebemendwa, na lawama zote zinamwangukia mama. Mwingine amesali novena, maziwa hayajaongezeka, sasa anajiuliza kama Mungu amemkataa.

Dada, nikutajie jina moja: Mtakatifu Zélie Martin wa Ufaransa, mama yake Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Alizaa watoto tisa, wanne wakafariki wadogo. Watoto wake wa mwisho hakuweza kuwanyonyesha ipasavyo, ikabidi awakabidhi kwa wanawake wengine wawanyonyeshe. Mwaka 1870 kabinti kake kachanga kalifariki kabla ya kutimiza miezi miwili, kwa sababu mwanamke aliyekabidhiwa hakukalisha vizuri. Hebu fikiria uchungu wa mama huyo.

Januari 1873 akamzaa Teresa. Baada ya wiki chache mtoto naye akaanza kudhoofika, na daktari akasema kinachoweza kumwokoa ni maziwa ya mama. Zélie alitembea kwa miguu alfajiri hadi kijiji cha Semallé kumtafuta Rose Taillé, mwanamke aliyemwamini. Rose alipofika na kumwona mtoto, alitikisa kichwa. Aliona wamechelewa. Zélie akapanda chumbani, akapiga magoti mbele ya sanamu ya Mtakatifu Yosefu, akalia na kumwachia Mungu. Aliposhuka akakuta mtoto ananyonya. Ananyonya titi la Rose, si lake.

Teresa alikwenda kuishi kwa Rose karibu mwaka mzima. Leo ni mtakatifu na Mwalimu wa Kanisa. Na Zélie, aliyefariki kwa saratani ya titi mwaka 1877, alitangazwa mtakatifu tarehe 18 Oktoba 2015 pamoja na mume wake Louis. Kanisa halikuuliza alikuwa na maziwa kiasi gani.

Kumbuka pia yule mwanamke katika umati aliyepaza sauti kuyasifu matiti yaliyomnyonyesha Yesu. Yesu alimwonyesha heri iliyo kubwa zaidi, ya kulisikia neno la Mungu na kulishika (Lk 11:27-28). Maria anayo heri hiyo. Na wewe ambaye mtoto wako anakunywa maziwa ya kopo, au analelewa na bibi kwa sababu unaumwa, heri hiyo unayo. Hakuna anayeweza kukunyang'anya.

4. Sala haifukuzi kliniki

Yoshua bin Sira anatufundisha kumheshimu tabibu, kwa kuwa ujuzi wake umetoka kwa Mungu (YbS 38). Kwa hiyo mambo haya nayo ni sehemu ya imani:

• Mtoto aanze kunyonya ndani ya saa ya kwanza baada ya kuzaliwa. Yale maziwa ya mwanzo ya njano, dang'a, si machafu. Usiyakamue ukayamwaga. Yana kinga ambayo mtoto anaihitaji sana.

• Miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, bila maji wala uji. Baada ya hapo anaanzishiwa vyakula vingine huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi.

• Titi likivimba, likawa jekundu na ukapata homa, nenda kituo cha afya. Mtoto asipoongezeka uzito, mpeleke kliniki. Majibu hayako kwenye midomo ya majirani.

• Kama unaishi na virusi vya UKIMWI, meza dawa zako bila kukosa na fuata maelekezo ya kliniki kuhusu kunyonyesha. Akina mama wengi wamenyonyesha hivyo na watoto wao wako salama.

• Kama huzuni imekuzidi, unalia kila siku na unajiona hufai, mwambie mtu leo. Mwambie muuguzi, mwambie Padre, mwambie mama yako. Huo ni ugonjwa unaotibika, si upungufu wa imani.

Na kuhusu Kanisa: Katekisimu inataja wazi kwamba kuhudumia mtoto mchanga ni sababu halali ya kukosa Misa ya Jumapili (KKK 2181). Hujatenda dhambi. Utakapopata nguvu, njoo. Kuhusu mfungo wa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, mama anayenyonyesha hadaiwi kujinyima chakula kwa hasara ya afya yake na ya mtoto. Kula. Toa sadaka nyingine: punguza simu, samehe aliyekuudhi.

Mtoto akilia kwa njaa ndani ya Misa, mnyonyeshe. Jifunike kanga yako, utulie. Papa Fransisko, alipokuwa akibatiza watoto katika Kikanisa cha Sistina, Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana mwaka 2014, aliwaambia akina mama wasisite kuwalisha watoto wao palepale. Kama pale Vatikano iliwezekana, kigangoni kwetu kuna tatizo gani?

5. Neno kwa wengine wote

Kijana wa kiume, huna maziwa, lakini una mikono. Mtakatifu Yosefu hatusikii akitoa hotuba popote katika Injili. Tunamwona akiamka usiku na kuwahamisha mtoto na mama yake (Mt 2:14). Amka. Mletee mkeo maji, maana kunyonyesha kunaleta kiu. Fua nepi. Pika uji, chemsha mtori. Mpokee mtoto umcheulishe ili mama alale japo saa moja. Kisha msali pamoja, hata kwa dakika mbili.

Na kwa binti uliyepata mtoto kabla ya ndoa, ukaona aibu kurudi kwenye kwaya: Mungu anakungoja wewe pamoja na mwanao. Kitubio kipo, mlango uko wazi. Mtoto wako ana haki ya maziwa yako na ya ubatizo, na wewe una haki ya kusali. Nasi tulio ndani tuache kunyoosheana vidole.

Wiki hii mtafute mzazi mmoja katika Jumuiya yako. Usiende mikono mitupu, na usiende kumpa somo. Beba unga au maziwa, osha vyombo vyake, halafu salini Baba Yetu pamoja.

Tusali:

Ee Bwana Yesu, uliyeonja njaa ya mtoto mchanga, ukashibishwa na Mama yako Maria, watazame akina mama wanaonyonyesha usiku huu. Aliyechoka umpe nguvu. Mwenye maumivu umponye. Aliyekosa maziwa umwondolee aibu, umpe wa kumsaidia. Watoto wao wakue kwa kimo na neema. Nasi utufundishe kutoa miili na muda wetu kwa ajili ya wengine, kama ulivyojitoa kwa ajili yetu. Mama Maria, utuombee. Mtakatifu Yosefu, utuombee. Mtakatifu Zélie, utuombee. Amina.