Kicheko Kabla ya Hukumu

Mwaka 2009, katika mashindano ya vipaji ya televisheni ya Uingereza, Susan Boyle, mwanamke wa miaka 47, alisimama mbele ya waamuzi apate kuimba. Kabla hajaimba alichekwa kwa umri na sura yake. Alipoimba, wale wale waliomcheka wakasimama wakampigia makofi.

Wengi wetu huwalaumu waamuzi na hadhira ile. Lakini na tujiulize, ndugu zetu: lau sauti yake ingekuwa mbaya, je, kicheko kile kingekuwa haki? Hasha! Sauti haikumpa heshima. Heshima aliingia nayo. Mwamuzi ana haki ya kupima sauti, hana haki ya kupima utu. Nasi tutazamao majumbani tu waamuzi pia, na kicheko chetu kitahesabiwa.