Maji Hayaandikwi Kwenye Karatasi

Ukiuza nyumba uliyoinunua juzijuzi kwa sababu haikufai, unapaswa kumwambia nini anayeinunua? Vijana ninaofanya nao kazi hapa Namakwekwe, Mbale, walicheka: "Kwani hilo ni swali? Mnunuzi afungue macho yake!"

Basi tumchukue mama mmoja mwenyeji, jirani yetu. Alinunua vyumba viwili upande wa bondeni. Mwaka haujaisha, anataka kuuza. Ana mtoto asiyetembea, na mvua ikizidi maji yanaingia ndani. Anatafuta pahali palipoinuka, hata chumba kimoja tu. Nani atamlaumu? Mbale inayajua maji: mwishoni mwa Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika, watu wakafa. Lakini akisema ukweli, bei inashuka na kule juu hapati. Akinyamaza, mtoto wa mwingine atalala majini.

Ninyi wa kambini mtasema hayo ni ya wenyeji. Kweli, kanuni za wakimbizi za 2010 zinasema ploti tunapewa kutumia, si kuuza. Lakini mtu akihama, mara nyingi anamwachia mwenzake mabati na mlango kwa pesa kidogo. Swali ni lilelile, tena kwenu ni zito zaidi. Huku mjini kuna karatasi mbele ya mwenyekiti wa LC1: bei, mipaka, mashahidi, sahihi. Maji hayaandikwi humo. Na pasipo karatasi kabisa, mnunuzi ana neno lako tu.

Kuna jibu moja linalonisumbua: "Na mimi sikuambiwa." Ni kweli, na inauma. Lakini hasara iliyokukuta hukuichagua. Ile unayompa mwenzako huku unajua, umeichagua wewe. Sisi tuliotoka Kongo kwa miguu tunakumbuka: aliyekuta njia imefungwa aligeuka akawaambia waliokuwa nyuma. Hakusema kwanza, "mbona mimi sikuambiwa?"

Tena ukweli hauui biashara. Nyumba isiyomfaa mtoto huyo inaweza kumfaa kijana anayetaka stoo, au mwenye nguvu ya kuinua msingi. Ila atalipa kidogo, na hapo ndipo penye shida yenyewe: pengo hilo nani analijaza?

Sisi wa semina, na ninyi wa mashirika, tunapenda kuhubiri uaminifu. Halafu mwaminifu tunamwacha alipe peke yake. Mimi naona mama huyo anapaswa kusema maji yanafika wapi. Na sisi tunaomwambia aseme, kikundi chetu cha akiba kimkopeshe pesa iliyopungua, bila riba, arudishe polepole. Kama hatuko tayari kwa hilo, basi tusiwe wepesi wa kumhukumu akinyamaza.