Saa ya Bei Kubwa: Je, Ni Akiba?

Jioni moja, baada ya mafundisho, kijana mmoja wa parokia yetu alinijia. Alikuwa ameweka dola 800, naye alitaka kununua saa janja, ile saa ya mkono inayoungana na simu na kupima mapigo ya moyo. Akasema: «Mwalimu, nitaivaa siku ya arusi yangu, watu wataona heshima. Baada ya miaka miwili nitaiuza, feza itarudi. Hasara iko wapi?»

Swali hili si la kuchekwa. Tulitazame vizuri, maana lina sehemu mbili: umaridadi na feza.

Kwanza, umaridadi. Kuvaa vizuri si kosa. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba ubaya haumo katika vitu tunavyovaa, bali katika mtu anayevitumia kupita kiasi. Lakini tujiulize: wale watakaotazama mkono wa kijana watamheshimu yeye, ao saa? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Heshima inayovuliwa pamoja na saa usiku haikuwa ya mtu.

Pili, feza. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Wamesikia kwamba saa nyingine za Uswisi zinauzwa kwa bei kubwa hata baada ya miaka mingi. Ni kweli. Saa ya namna ile ina kamani na magurudumu madogo. Ikiharibika, fundi anaifungua, anaisafisha, nayo inatembea tena. Baba anaweza kumwachia mtoto wake. Lakini saa janja si ndugu ya saa ile, ni ndugu ya simu. Betri yake inachoka, programu zake zinazeeka.

Tuone mfano. Mwaka 2015 kampuni ya Apple iliuza saa janja ya dhahabu ya karati 18, bei yake kuanzia dola 10,000. Mwaka ule ule iliuza nyingine ya alumini kwa dola 349. Mashini ya ndani ilikuwa moja. Mwaka 2018 programu mpya zilipotoka, zote mbili ziliachwa nyuma, tajiri pamoja na maskini. Nao mafundi wa Uswisi wa TAG Heuer, walipouza saa janja yao ya kwanza mwaka 2015 kwa dola 1,500, walimwahidi mnunuzi kwamba baada ya miaka miwili ataweza kuirudisha, aongeze dola 1,500 nyingine, apewe saa ya magurudumu. Basi wao wenyewe walijua ni ipi inayodumu.

Sasa, ile feza «itakayorudi» itatoka katika mfuko wa nani? Katika mfuko wa ndugu mwingine. Ukimwambia kweli, kwamba betri imechoka na programu mpya haziingii, atakupa bei ya haki, nayo ni ndogo. Ukimficha, umemwibia. Kwa hiyo bei kubwa unayoitumaini inategemea ujinga wa mwenzako. Hiyo si akiba. Ni hasara inayotafuta mtu wa kuibeba.

Tena sisi wa Kongo tunajua neno jingine. Katika betri hizi mna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka kwetu, upande wa Kolwezi na Likasi. Kitu kilichotoa watu jasho namna hii kisinunuliwe kwa majivuno ya siku moja. Anayekinunua akitumie mpaka kiishe.

Je, isinunuliwe kabisa? La! Mwenye kuihitaji kwa kazi yake, tena ana feza isiyo ya karo wala ya chakula, anunue. Lakini ahesabu kwamba feza hiyo imekwisha kutumika, kama anavyohesabu bei ya viatu. Nani anayenunua viatu akitumaini kuviuza?

Nilimwuliza kijana: «Mchumba wako anajua habari ya dola hizi?» Akanyamaza. Wiki ya pili walinijia wote wawili na karatasi: kodi ya nyumba, kitanda, chakula cha wageni. Chini kabisa palikuwa na saa ya dola 30. Mstari ule uliandikwa na mchumba.