Uchungu wa Mkeo Si Sadaka Yako



Jioni moja, baada ya sala za jumuiya yetu hapa Port Reitz, mume na mke vijana walibaki nyuma wakitaka kuniona. Mama alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza. Dada yake anayeishi Uingereza alikuwa amemletea kifaa kidogo, kama redio ya mfukoni, chenye nyaya na vibandiko vinne, cha kupunguza maumivu ya uzazi. Mama alitaka kwenda nacho hospitalini. Mume hakutaka.

"Mwalimu," akaniambia, "si Mungu mwenyewe alimwambia Hawa atazaa kwa uchungu? Mamangu alizaa watoto saba bila mashine." Mkewe aliinamisha kichwa, asiseme neno.

Nilinyamaza kidogo, kwa sababu maneno yale nayajua. Niliyasema mimi mwenyewe mwaka 2006, mke wangu alipokuwa na uchungu wa mtoto wetu wa kwanza. Aliniomba nimkande kiuno. Nikamwambia avumilie, ndivyo Hawa alivyoandikiwa, kisha nikatoka nje nikaketi chini ya mwarobaini nasoma gazeti. Miaka mingi baadaye aliniambia, bila hasira, kwamba uchungu wa siku ile ameshausahau, lakini yale maneno bado anayakumbuka.

Basi tulitazame jambo hili pamoja, ndugu msomaji.

Kwanza, kifaa chenyewe. Kinaitwa TENS. Vibandiko viwili huwekwa mgongoni, kimoja kila upande wa uti wa mgongo, na viwili vingine chini kiunoni. Hupitisha umeme mdogo wa betri, na mama huhisi kama anatekenywa. Uchungu ukipanda, hubonyeza kitufe kuongeza nguvu. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba habari za maumivu hupita kama kwenye lango ndani ya uti wa mgongo, na hisia nyingine zikisongamana langoni, maumivu hupungua. Ndiyo maana ukijigonga kiwiko unakisugua haraka. Kifaa hiki hakimpi mtoto dawa yoyote, na mama anaweza kutembea akiwa nacho.

Lakini tusikipambe kupita kiasi. Mwaka 2009 wataalamu walikusanya matokeo ya tafiti kadhaa, wakaona kwamba maumivu yenyewe hayakupungua sana, ingawa akina mama wengi walisema wangependa kukitumia tena. Hakitumiwi ndani ya maji, wala na mwenye kifaa cha umeme cha kuendesha moyo. Mwenye kifafa, au ambaye mimba yake haijatimiza majuma 37, amwulize daktari kwanza. Tena kisimfanye mama akawie nyumbani. Akiona damu, au uchungu ukikaza, aende hospitali.

Sasa tuje kwenye Maandiko. Katika Kiebrania, neno la taabu aliyotajiwa Hawa katika kuzaa ndilo hilo hilo analotajiwa Adamu katika kulima ardhi (Mwanzo 3:16-17). Angalia pale bandarini Kilindini: makontena yanainuliwa na kreni. Sijamsikia mwanamume hata mmoja akidai kreni ziondolewe ili abebe mzigo mgongoni na kutokwa jasho kama Adamu. Taabu yetu wanaume tumeitafutia mashine, lakini ya wake zetu tunailinda kana kwamba ni amri.

Kanisa nalo halikunyamaza. Tarehe 8 Januari 1956, Papa Pio XII aliwaeleza madaktari kwamba maneno yale ya Mwanzo hayamkatazi mama kutumia njia halali za kupunguza maumivu ya kuzaa. Mwaka 1957 alizungumza tena na madaktari juu ya dawa za kutuliza maumivu, akafundisha kwamba Mkristo halazimiki kuyatafuta mateso.

Utaniuliza, "Je, mateso hayana thamani?" Yanayo. Yuko mama anayependa kuvumilia na kumtolea Mungu uchungu wake kwa ajili ya mtoto. Heri yake. Lakini sadaka hutolewa na mwenye mali. Je, waweza kutia mkono katika mkoba wa jirani, ukachukua fedha zake, ukazitia katika kikapu cha sadaka na kujiona mkarimu? Uchungu ni wa mkeo. Yeye ndiye mwenye kusema, "Nitautoa," au "Nisaidieni." Mume anayemwamuru mkewe avumilie hajatoa kitu.

Na wewe unayeweza kununua kifaa, usidhani umemaliza kazi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila mama anayejifungua awe na mtu wa kumsindikiza aliyemchagua mwenyewe, na likataja kukandwa na vitambaa vya moto kuwa miongoni mwa njia za kumpunguzia maumivu. Mikono haiuzwi dukani. Nendeni kliniki mapema, muulize kama wadi inamruhusu msindikizaji na kama kifaa kinakubaliwa.

Wale vijana niliwauliza swali moja tu, nikimtazama mama: "Wewe mwenyewe wataka nini?" Alikaa kimya, kisha akasema, "Nataka nijaribu kifaa. Lakini zaidi nataka huyu asiondoke." Mume alitazama chini. Nami nilikumbuka ule mwarobaini.

Ndugu mume, swali hilo mwulize mkeo leo, kabla ya uchungu kuanza. Naye akijibu, usimjibu kwa Maandiko. Msikilize kwanza.