Je, Yatosha Kusema "Sikujua"?



Lipo neno ambalo sisi wanadamu hulikimbilia upesi tunapokosa: "Sikujua." Mwalimu hulisikia kila siku kwa wanafunzi, naye hulikataa. Je, akikosa yeye?

Miaka ya 1980, nilipokuwa mwalimu wa zamu, alikuwapo msichana wa darasa la sita aliyekuwa wa mwisho daima katika mchakamchaka. Alikimbia kidogo, akasimama mkono kifuani, akihema. Nilimwita mvivu mbele ya wenzake, na mara mbili nilimpa adhabu ya kufyeka nyasi. Alifyeka bila kulalamika, akipumzika kila baada ya hatua chache, jambo ambalo nalo nililihesabu kuwa ni ukaidi.

Ukweli ulijulikana alipopata mimba ya kwanza. Mimba huongeza damu mwilini, na moyo hulazimika kufanya kazi zaidi. Moyo wake haukuweza. Usiku alilala ameketi. Hospitalini akaambiwa kwamba vali moja ya moyo iliharibika tangu utotoni. Alinusurika, Mungu ashukuriwe. Tulipokutana baadaye nikamwomba radhi. Akanijibu, "Mwalimu, hata mimi niliamini kuwa ni mvivu." Afadhali angenilaumu.

Ugonjwa huo huanzia kooni. Mtoto, hasa wa miaka 5 hadi 15, huumwa koo kwa sababu ya vijidudu. Wiki mbili tatu baadaye wachache hupatwa na homa ya baridi yabisi: viungo huvimba na kuuma, leo goti, kesho kiwiko. Maumivu hupoa, nyumbani watu hushukuru, kumbe mwili uliokuwa ukipigana na vijidudu umeujeruhi moyo wake wenyewe. Koo likitibiwa mapema kwa penisilini, madhara hayo huzuilika. Hata aliyekwisha kupata homa hiyo huweza kukingwa isimrudie, kwa sindano kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Maji ya chumvi ya bibi hutuliza koo, siyapingi, lakini hayatibu ugonjwa huo.

Chuoni tulifundishwa kukagua kucha, nywele na meno, nami nilikagua kila Jumatatu kwa bidii. Pumzi sikuikagua. Ujinga wangu haukuwa wa kukosa shule. Nilikuwa nimekwisha kupata jibu, "mvivu", nikaacha kuuliza. Mambo ya Walawi, sura ya 5, yaagiza sadaka kwa aliyekosa pasipo kujua. Zamani niliiona sheria hiyo kuwa kali mno. Siku hizi naona ilimfahamu vema mwalimu wa zamu.

Wapo Wakristo wenzetu wasemao kwamba kupimwa kabla ya kulazwa ni kupungukiwa imani. Sijui wameyatoa wapi. Luka mwenyewe alikuwa tabibu.

Daktari akisikiliza kifua huweza kusikia mlio usio wa kawaida, na tangu mwaka 2015 ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, inayotibu hata kwa upasuaji. Safari ya huko huanzia nyumbani na shuleni.

Nimemwomba padre dakika kumi baada ya ibada ya Jumapili ijayo. Wazazi, njoni na mtoto yule mnayemwita mzito, yule asiyemaliza mchezo. Tutapanga siku ya kwenda naye hospitali ya wilaya, nami nitafuatana nanyi.