Je, Mwanga Uliopinda Hudanganya?

Swali la kama milango ya fahamu humfikisha mwanadamu kwenye kweli au humpotosha ni la kale, na mfano uliozoeleka katika kulijadili ni wa mti ulionyooka ambao ukitumbukizwa majini huonekana umevunjika. Kwa wavuvi wa Msimbati na vijiji vingine vilivyomo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, jambo hilo ni la kila siku: upondo huonekana umekatika pale unapoingia majini, na samaki huonekana yuko juu kuliko alipo, hata mwenye mkuki akalazimika kulenga chini ya kile anachokiona. Sababu ni kwamba mwanga, unaokwenda takriban kilomita 300,000 kwa sekunde hewani, hupungua kasi hadi kama kilomita 225,000 majini, na unapovuka mpaka huo kwa mshazari hubadili mwelekeo.

Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza katika al-Munqidh min al-Dalal jinsi alivyopoteza imani na macho, kwa kuwa kivuli huonekana kimesimama nacho kinatembea, na nyota huonekana ndogo kama dinari nayo ni kubwa kuliko dunia. Karne nyingi kabla yake, Augustino, mzaliwa wa Afrika Kaskazini aliyefariki mwaka 430, alikuwa amelitetea jicho kwa hoja iliyo nyepesi kuitaja na nzito kuijibu: kasia lililo majini linapaswa kuonekana limepinda, na kama lingeonekana limenyooka, hapo ndipo jicho lingestahili kushtakiwa.

Utetezi huo hupata nguvu zaidi mpaka wenyewe unapokuwa wa mviringo. Juu ya maji tulivu miale iliyo sambamba hupinda kwa kiasi kimoja, lakini penye viwimbi kila mwale huukuta uso wa maji kwa pembe yake, na mgongo wa wimbi huikusanya miale hiyo; ndiyo maana kwenye maji machache, juu ya nyasi za bahari, huonekana nyuzi za mwanga mkali zikikimbia na kukatana mchangani. Jicho nalo ni mpaka wa namna hiyo. Konea, yaani ngozi angavu iliyobinuka mbele ya jicho, hufanya takriban theluthi mbili za kazi ya kuipinda miale ili ikutane kwenye retina, utando wa nyuma unaopokea taswira.

Mzamiaji anayefumbua macho baharini huiona dunia imefifia, si kwa sababu mwanga umepinda mno, bali kwa sababu haujapinda vya kutosha, maana konea na maji hukaribiana katika uwezo wa kuupinda. Miwani ya kuzamia humrudishia hewa mbele ya jicho na kumfanya aone sawasawa, ingawa kwa gharama: pweza huonekana mkubwa kwa kama theluthi moja zaidi. Samaki hahitaji miwani. Ile punje ngumu nyeupe inayokutwa katika jicho la samaki aliyepikwa ndiyo lenzi yake, ambayo moto umeiondolea uangavu. Ni ya duara kama gololi, na kwa kuwa kitovu chake ni kizito kuliko kingo, huikusanya miale vizuri kuliko gololi ya kioo cha kawaida.

Kwa hiyo anayedai kuona kusikopindwa na chochote anadai upofu. Kosa, likiwapo, limo katika hukumu, na Ibn al-Haytham, aliyefariki karibu mwaka 1040, alikwisha kuonyesha katika Kitab al-Manazir kwamba sehemu kubwa ya kuona ni kukisia na kulinganisha. Mvuvi hasahihishi macho yake, ambayo yataendelea kumwonyesha samaki palepale, husahihisha mkono.

Al-Ghazali mwenyewe, ambaye alisema kuwa shaka ilimtoka kwa nuru aliyoitia Mwenyezi Mungu kifuani mwake, hakukidharau kioo. Katika Mishkat al-Anwar, akifasiri aya ya Nuru ambamo taa imewekwa ndani ya kioo, alikifananisha kioo hicho na nguvu ya kutaswiri, ambayo asili yake ni nzito lakini ikisafishwa hupitisha nuru na kuikinga isizimwe na upepo. Hakusema kwamba kioo huipinda nuru hiyo, na msomaji wake wa leo ana haki ya kuuliza kama kimya hicho kinaidhuru tafsiri. Pengine hakiidhuru, kwa kuwa kinachopinda ni njia ya mwanga tu, na taa haiguswi.