Fedheha ya Mchezoni na Kisasi Chake

Wasomaji wetu wa Diani na Msambweni waujua mchezo wa mpira ufanywao pwani alasiri, maji yakiisha kutoka na mchanga ukawa mgumu. Kijana hupigwa chenga, au mpira ukapitishwa baina ya miguu yake, au akavishwa kanzu (wala si kanzu ile ya Ijumaa), nao watu walioketi kando wakacheka. Haupiti muda mrefu utamwona yule aliyechekwa amwandama mwenziwe, wala hautaki tena mpira, autaka mguu.

Twauliza: je, ana haki? Wako wasemao kwamba aliyeanza ndiye dhalimu, na kwamba fedheha ni jeraha kama majeraha mengine. Hoja hii si ya kupuuzwa. Heshima ya mtu ina uzito, na yuko mchezaji asiyetosheka kumpita mwenziwe mpaka amrudie ampite tena, ili watu wacheke mara ya pili. Marehemu Dikembe Mutombo, Mkongo aliyekuwa bingwa wa kuzuia mipira katika mchezo wa kikapu huko Marekani, alikuwa na desturi ya kumtikisia kidole yule aliyemzuia. Wakuu wa ligi walimkataza asimwelekeze mpinzani kidole kile, nasi twaona walifanya sawa. Kuzuia mpira kulimtosha.

Lakini kisasi kina kipimo, na kipimo chake ni usawa. Chenga hulipwa kwa chenga, bao kwa bao, kama washairi wetu wajibizanavyo beti kwa beti. Mguu uliovunjika hauna mfano wake katika chenga. Kwa mguu huo kijana wa Msambweni hukwea minazi na kuingia baharini kutafuta riziki. Kicheko cha watu kingalisahauliwa kabla ya Magharibi.

Na laiti aumizaye angalikuwa daima ndiye aliyefedheheka! Mwezi wa Novemba 1991 Isiah Thomas wa Detroit alitia pointi 44 mbele ya John Stockton wa Utah, aliyechaguliwa badala yake kwenda Olimpiki ya Barcelona ya 1992. Timu hizo zilipokutana tena tarehe 14 Desemba, Karl Malone, mwenziwe Stockton, alimpiga Thomas kiwiko juu ya jicho, akashonwa nyuzi 40. Malone alisema hakukusudia. Alitozwa dola 10,000 na kuzuiwa mchezo mmoja. Ikiwa alikusudia, kama wengi walivyodhani, basi alilipiza deni lisilo lake.

Watangazaji wa mpira nchini Kenya huliita kosa hili madhambi, na neno hilo twaliona limepatia. Ila madhambi hayo yana washirika. Kijana yule asingaliona haya kama asingalitazamwa; ni sisi watu wazima tumchekao, kisha tukamwuliza, "Wamwacha vivi hivi?" Maneno hayo tumeyasikia kwa wazee wa kuheshimiwa, nao hawakuona kwamba wametenda jambo.